Mjumbe Aliyenyamaza

Alhamisi. Kitale kuna manyunyu tangu asubuhi, na mimi nimechoka hadi mifupa.

Nimerudi chuoni leo mchana kutoka nyumbani Myanga, kwa sababu kesho ni zamu yangu kusimama mbele ya darasa. Tunasoma tanzia za Wagiriki wa kale, na mada niliyojichagulia kwa mdomo wangu mwenyewe ni mjumbe. Katika tamthilia hizo mara nyingi mtu hafi jukwaani. Anafia ndani, halafu mjumbe anatoka, anasimama, anaeleza yote: alikufaje, nani alikuwepo, alisema nini mwisho. Hafichi kitu. Muhula mzima nimekuwa nikimsifu.

Jumatatu nikawa mjumbe mimi mwenyewe.

Baba alipiga simu asubuhi. Kuka, yaani babu yangu, alikuwa amefariki. Shangazi Nasimiyu, binti yake mkubwa, anauza mboga Kipsongo, hapa hapa Kitale, na jamaa aliye karibu naye ni mimi tu. "Usimwambie," Baba akasema. "Sema tu mzee amezidiwa, mje haraka. Atajua akifika."

Ndivyo tunavyofanya kwetu. Mtu haambiwi kifo akiwa njiani au peke yake, asije akaanguka mahali pasipo na mikono ya kumshika. Na kusema ukweli, nilifurahi kuambiwa ninyamaze. Ni rahisi sana kumsifu mjumbe kwenye daftari.

Nilimkuta Shangazi mbele ya nyumba yake akifunga sukuma mafungu mafungu. Nikamwambia Kuka amezidiwa. Akaniangalia usoni kwa muda, nikainama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Kisha akaamini. Nadhani aliamini kwa sababu ni mimi. Akamwachia jirani mboga, akanunua machungwa manane na maziwa ya pakiti, maana Kuka akiugua hali kitu kigumu. Tulipokuwa tunaondoka akakumbuka kwamba mzee huhisi baridi miguuni, akarudi ndani kumtafutia soksi.

Nilimbebea yale machungwa mpaka nyumbani.

Tulipokaribia boma, turubai lilikuwa limeshafungwa na viti vya kukodi vinashushwa. Shangazi akasimama. Kabla ya kulia alinigeukia mimi, si Baba.

"Nekesa, na wewe ulikuwa unajua? Si ungeniambia tu, bana!"

Wanawake wakamshika. Wazee walikuwa na hekima yao, sikatai. Lakini tangu siku hiyo hakunisemesha. Nikimpelekea chai aliipokea kwa adabu, kama anapokea kwa mgeni. Na huyu ndiye aliyenilea miaka miwili mama alipokuwa mgonjwa.

Nimemkasirikia Baba. Nimeikasirikia mila. Sasa nimechoka hata kukasirika, na ninayemwonea aibu ni mimi.

Jioni hii nimekaa na karatasi mbele yangu, nimeandika sentensi moja na kuikata. Simu ikalia. Shangazi. Hakunisalimu.

"Baba yangu alifariki saa ngapi?"

Angeweza kumuuliza mtu yeyote pale bomani, wamejaa. Nilielewa anachotaka: nilipomkuta kwenye mboga zake, alikuwa bado ana baba, au hana? Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema sijui vizuri, muulize Baba. Nikayameza maneno hayo.

"Saa kumi na moja alfajiri, Shangazi. Nilipokuja kwako alikuwa ameshakufa, na nilikuwa najua. Aliomba maji, Baba akampa, akalala tena. Hakuamka."

Kwa mbali nilisikia watu wakiimba.

"Kumbe unaweza kusema," akasema.

Halafu akalia. Alikuwa amejitenga na wenzake ili anipigie, kwa hiyo hapakuwa na mtu karibu naye, na mimi niko Kitale. Sasa nikajua kwa nini wazee wanaogopa. Nilishika tu simu sikioni hadi alipomaliza, na aliyekata ni yeye.

Mazishi ni Jumamosi. Kesho nikitoka darasani, vyovyote itakavyokuwa, naenda moja kwa moja Myanga kukaa kando yake, hata kama hatanisemesha.