Mkate wa Nane

Bishkek, 9 Mei 1991

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na yule ng'ombe, amekwisha kuzaa au bado anakunyima usingizi? Mimi ni mzima, chakula cha bweni ni kilekile, ila Mwalimu Esengul ameamua kunitoa roho kabla ya kiangazi.

Huyu ndiye anayetufundisha kuandika michezo ya redio. Haturuhusu kubuni chochote. Anasema historia ndiyo fundi wa kwanza wa hadithi: chukua jambo lililotokea kweli, likague kama mnunuzi anavyokagua meno ya farasi, utaona hadithi inavyojengwa. Wiki iliyopita alitupa ya yule mama mtawala wa Alai, ambaye watu wake walitaka kumwokoa mwanawe asinyongwe, naye akawakataza ili damu ya wengi isimwagike. Akauliza, "Hadithi inavunjika wapi?" Wote tukasema kwenye kamba. Akasema wajinga nyinyi, inavunjika pale mama alipochagua.

Sasa kila mmoja wetu alete kisa cha kweli cha nyumbani kwao kabla ya Oktoba mosi. Asiyeleta, au akaleta kibovu, nafasi yake redioni anapewa mwingine. Mimi nimechagua mwaka wa 1916, mlipowakimbia askari wa mfalme wa Urusi kuvuka milima hadi Uchina. Zamani watu walifungwa mdomo, siku hizi kila mtu anasema. Tafadhali niandikie yote, tangu mwanzo.

Mjukuu wako,
Marat
(Usikasirike. Mtangazaji mmoja kaniambia Omurzak ni jina la mchunga kondoo, halipendezi redioni. Na Baba mwenyewe alitaka niitwe Marat.)


Barskoon, 20 Mei 1991

Kwa mjukuu wangu Omurzak,

Marahaba. Magoti yanauma kama kawaida yake, ng'ombe kazaa jike. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kalamu nyekundu, kwa maana umekosea sehemu kumi na moja. Miaka thelathini na mbili nimewafundisha watoto wa watu kuandika, wa kwangu ndiye kanishinda.

Hilo la jina tusilizungumze. Baba yako alitaka Marat, mimi nikasimama mlangoni na fimbo mpaka likaandikwa Omurzak. Ukilibadili usinijie hapa.

Kisa unakijua. Mama yangu alikisimulia kila vuli, nami nimekusimulia tangu ukiwa kwenye mbeleko. Lakini kwa kuwa mwalimu wako ni mkubwa kuliko mimi, haya. Baba alibaki nyuma na wanaume wengine, hatukumwona tena. Mama alinipakia mimi, miaka mitano, kwenye farasi mwekundu. Shangazi Batma akapanda wa pili na mizigo. Tukapandisha bonde la Barskoon na watu wengi na mifugo. Tukavuka mto. Tukafika kileleni, mikono ya Aimkan ikiwa na joto. Tukateremka Uchina, tukashinda na njaa majira mawili, tukarudi na birika moja na shangazi. Basi. Ndivyo mama alivyosema, wala hakuongeza neno.

Jirani yangu Kalyjan anakusalimu. Ijumaa alikuja tena kunihesabia mikate. Anasema kila Ijumaa watu wote hukaanga saba ili harufu iwafikie marehemu wao, wewe Aimkan unakaanga nane, hesabu alikufundisha nani? Nimemwambia nimezeeka.

Bibi yako,
Aimkan


Bishkek, 11 Juni 1991

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua na kwa kalamu nyekundu. Habari za ndama? Mimi sina raha, nakuambia wazi.

Nilimsomea Mwalimu kisa chako kama kilivyo. Alisikiliza amefumba macho, kisha akasema, "Hii ni ratiba ya basi. Barskoon, mto, kilele, Uchina." Akauliza nani anataka nini. Nikasema wanataka kuishi. Akasema hata kuku anataka kuishi. Halafu akachukua kalamu akakata ule mstari wa mikono. Mikono ya mtoto ina joto, inatuhusu nini? Darasa lote likacheka.

Kwa hiyo nimekijenga upya kidogo. Kati ya mto na kilele nimeweka mbwa mwitu. Anawafuata siku tatu, na mwishowe mama yako anachagua kumwachia farasi mmoja. Nimekuwekea kurasa sita humu ndani. Naona imekaa vizuri, au unasemaje?

Mjukuu wako,
Marat


Barskoon, 24 Juni 1991

Omurzak,

Mimi ni mzima, sina haja ya kuulizwa. Kurasa zako nimewashia jiko.

Mbwa mwitu! Kulikuwa na ng'ombe wanaolia, mbwa, ngamia na wanawake wanaogombana juu ya sufuria, mbwa mwitu gani angekuja hapo? Mwalimu wako kasema msibuni, wewe umeleta mnyama mzima. Na farasi hatukumwachia mtu, tulimla Uchina, na mama alilia siku nzima kwa kuwa alimjua kwa jina.

Tena mwambie huyo Esengul: nani alimuuliza yule mama wa Alai kama alichagua? Pengine alikuwa amechoka tu, na watu walimtazama usoni wakingoja neno. Nyinyi mnakaa kwenye viti, mnawagawia marehemu uamuzi kama mnagawa chai.

Ule mstari wa mikono urudishe. Sitaki kujadiliana. Ukiona umekaa vibaya, vunja vingine vyote uuache huo.

Bibi yako,
Aimkan


Bishkek, 6 Julai 1991

Bibi,

Shikamoo. Pole kwa mbwa mwitu, nimemfukuza. Natumaini hasira imepungua na magoti pia.

Nimefanya alivyotufundisha. Nimechukua ramani, nikamuuliza mpanda milima mmoja hapa bwenini. Kutoka kwenye ule mto hadi kileleni, kwa farasi na mizigo na watoto, ni siku tatu, pengine nne. Wewe unaruka kutoka majini hadi kileleni katika pumzi moja. Mama yako naye aliruka hapohapo. Kabla ya mto najua mpaka rangi ya birika. Baada ya kilele najua mlikula nini kila siku. Hapo katikati hakuna hata mawingu.

Mwalimu anasema kisa cha kweli kikiwa na tundu, tundu hilo halikutoboka lenyewe, kuna mkono wa mtu. Anasema nikilipata tundu hilo nimepata hadithi, nisipolipata nirudi kijijini nikachunge.

Basi nakuuliza, na usinichomee barua. Siku hizo tatu kulitokea nini? Na kwa nini ni nane? Marehemu wengine wote wa safari ile nimewaandika, nikahesabu hata babu wa mama yako, na wote mikate saba inawatosha.

Mjukuu wako,
Marat


Bishkek, 18 Agosti 1991

Bibi,

Shikamoo kwa mara nyingine. Wiki sita kimya. Niliogopa, nikampigia simu binti yake Kalyjan anayefanya kazi posta. Kasema u mzima, unakamua mwenyewe, na juzi umemfokea postamasta. Kwa hiyo kalamu unaiweza.

Nimemkasirikia Mwalimu, nimekukasirikia wewe, nimejikasirikia mimi. Wenzangu wamemaliza. Mimi nina ratiba ya basi. Kama hutaki kusema, niandikie neno moja tu, sitaki, nami nitatafuta kisa kingine. Lakini usininyamazie, sijazoea.

M.


Barskoon, 14 Septemba 1991

Omurzak mpenzi, mwanafarasi wangu,

Salamu. Natumaini u mzima huko, nasikia nchi imepata uhuru na mafuta ya kula yamekosekana. Mimi nimekuwa nikiandika barua hii tangu Julai. Nilizozichana zingetosha kukandika ukuta.

Nilikuwa na ndugu. Alikuwa na miezi saba.

Siku ya pili baada ya mto njia ilikuwa nyembamba, ng'ombe mmoja alianguka na mizigo, akaziba. Mama alishuka kusaidia. Akaniketisha kwenye jiwe, akanipakatisha mtoto, akasema, "Mshike ndugu yako, usimwachie." Nikamshika. Kulikuwa na theluji ya kwanza na upepo, sikuwa na glavu. Vidole vilianza kuuma, kisha vikaacha kuuma, na hapo ndipo nilipoogopa. Palikuwa na pango dogo chini ya lile jiwe, upepo hauingii. Nikamweka humo, amefungwa vizuri kwenye namati, lile blanketi zito la sufu, amelala. Nikatia mikono kwapani. Nilisema nitahesabu mpaka kumi kisha nimchukue.

Mtu akapiga kelele kwamba askari wanakuja. Hawakuwapo, ilikuwa vumbi la mifugo yetu wenyewe. Mwanaume nisiyemjua akanibeba kama furushi akanitupa juu ya farasi nyuma ya watu wengine. Mama alidhani mtoto yuko kwa Batma. Batma alidhani yuko kwa mama. Mimi nilijua. Usiandike kwamba sikujua. Nilijua njia nzima, na sikusema kwa kuwa niliogopa kupigwa.

Jioni mama alipokuja kumnyonyesha, Batma akatazama huku na huku, kisha wote wakanitazama mimi. Nikawaonyesha mikono yangu mitupu. Mama hakunipiga. Alichukua farasi mwekundu akarudi peke yake, wanaume wakimshika hatamu naye akiwang'ata. Alitufikia tena siku ya tatu, na theluji ilikuwa imefunika mawe yote sawasawa. Hakusema alichokiona wala ambacho hakukiona, na mimi sikuuliza. Akanipandisha mbele yake, akafungua koti, akachukua mikono yangu akaitia kwapani kwake. Akaishikilia hivyo mpaka kileleni.

Sasa unauelewa mstari wako wa mikono. Kila vuli, miaka thelathini na minne mpaka alipokufa, mama alisimulia safari ile mbele ya wageni, mbele ya mume wangu, mbele ya baba yako akiwa mdogo. Kila alipofika mtoni aliruka. Nilikuwa naketi karibu na mlango, nikisubiri kama leo atasema. Akaruka, akasema, "Tukafika kileleni, mikono ya Aimkan ikiwa na joto." Alikuwa akinitazama mimi anaposema. Hilo tundu ni kweli lina mkono wa mtu, mwalimu wako si mjinga kama nilivyofikiri. Ni mkono wa mama yangu. Alilitoboa kwa ajili yangu.

Na kila Ijumaa alikaanga nane, akiwa amenipa mgongo.

Mwambie Esengul sikuchagua kitu. Anatafuta mahali mtu alipochagua, basi hapa hapana. Palikuwa na mtoto wa miaka mitano, na baridi. Hadithi ilivunjika hivyohivyo. Kama vitabu vyake havina nafasi ya jambo la namna hiyo, vitabu vyake ni vifupi.

Ukitaka kuandika, andika. Wote waliokuwepo wamekufa isipokuwa mimi, na mimi nina miaka themanini, watanifanya nini?

Jina lake lilikuwa Omurzak. Baba yako hajui mpaka leo kwa nini nilisimama mlangoni na fimbo. Sasa jiite utakavyo, mimi sitagomba tena.

Bibi yako,
Aimkan


Bishkek, 30 Septemba 1991

Bibi yangu,

Shikamoo. Safari hii sijui nikuulizeje hali, kwa hiyo sikuulizi. Barua yako nimeisoma ngazini, nikashindwa kupanda mpaka ghorofani.

Mchezo nimeuandika na nimeupeleka leo asubuhi. Barskoon, mto, kilele, Uchina, ratiba ya basi ileile. Siku tatu sikuziandika. Baada ya mto nimeweka kimya, upepo tu, sekunde ishirini, kisha sauti ya mwanamke mmoja inasema tukafika kileleni, mikono ya Aimkan ikiwa na joto. Nimeandika pembeni kwamba mwenye sauti hiyo amtazame mtu anaposema, hata kama redioni haonekani.

Mwalimu amesoma mbele yangu. Akasema sekunde ishirini za kimya, watu watadhani redio zao zimeharibika, watazipiga makofi. Akasema, "Tundu lilelile. Umelipata au hukulipata?" Nikamwambia nimelipata. Akasema basi lijaze. Nikamwambia si langu kulijaza, aliyelitoboa alikuwa na sababu. Tumebishana mpaka mfagizi akatuzimia taa. Mwisho kasema nirudi Jumatatu na kurasa za siku hizo tatu, la sivyo nafasi ina mtu wake. Ninazo kichwani, Bibi, zote tatu. Ningeweza kuziandika kwa saa moja, na najua Mwalimu angelia. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumatatu sitakuwapo. Nakuja kwa basi la Alhamisi. Mafuta ya kukaangia nimepata chupa moja kwa kuponi za watu watatu. Usianze Ijumaa kabla sijaamka, na Kalyjan akija kuhesabu mwache ahesabu. Ule wa nane nitaukaanga mimi, na wewe ukae karibu na jiko, upashe mikono moto.

Mjukuu wako,
Omurzak