Shingo ya Wajina Wako

Dada Naomi mpendwa,

Kabla ya yote pokea habari za ushindi. Kuanzia huko Nkoaranga hadi hapa Usa River hakuna mwanaume mwenye bahati kama mimi mdogo wako. Shule niliishia darasa la saba, lakini leo nawaendesha watalii wa Kijerumani porini na kuwatukana tembo kwa Kijerumani. Kubwa kuliko yote, binti yangu, yule niliyempa jina lako, ana miaka kumi na moja na shingo yake ni safi, inang'aa kama kikombe cha harusi.

Nimeanza na shingo kwa sababu yako hawakuiacha kwa amani. Weusi ule mnene, laini kama mahameli, sote tuliuona ni uchafu. Nakukumbuka umeinama juu ya beseni kwenye migomba, mama kashika dodoki.

"Huyu mtoto anaoga na nani, na nguruwe?"

"Mama, nimeoga! Muulize mdogo wangu!"

"Ameoga," nikasema, "ila maji ndiyo yalimwogopa."

Ukacheka huku unalia. Mama akasugua mpaka ngozi ikatoa damu. Weusi ukabaki palepale.

Ukubwani ndevu zikakuota, kisha sukari ikapanda. Wakakuongezea insulini, wakaongeza tena, dozi ya kumlaza ng'ombe, sukari haikushtuka. Nesi akakukazia macho.

"Dada, sema ukweli. Unachoma au unamwaga?"

"Nachoma, nesi."

"Basi unakula kwa kificho."

Wewe, uliyejinyima hata ndizi mbivu za shambani kwetu!

Mpaka yule daktari mgeni alipokushika shingo kwa vidole viwili, taratibu, akasema huu si uchafu. Insulini imejaa tele mwilini mwako, ila mwili hauisikii. Ni ugonjwa nadra, watu wanazaliwa nao, unatembea ndani ya ukoo. Akanigeukia: "Ukipata watoto, walete mapema."

"Daktari, mimi damu yangu ni dizeli," nikamjibu. Chumba kizima kilicheka, isipokuwa yeye na wewe. Tulipokuwa tunateremka ile njia ya utelezi ukanishika mkono. "Ukipata binti, usije ukamsugua."

Yakatangulia macho yako, zikafuata figo. Sasa umelala kwenye migomba ileile, na kila ukungu ukishuka kutoka mlimani naona kama unakuja kunitazama mimi.

Wajina wako siku hizi anakunywa maji mpaka mama yake anamwita ngamia. Mimi nacheka, tena kwa sauti kuliko wote. Ameanza kujifunga skafu, hata jua likiwaka. Jana nilimuuliza, "Baridi gani hiyo, binti?" Akasema, "Baridi tu, baba," akaangalia chini, vilevile kama wewe.

Kesho nampeleka hospitali. Wajerumani watafutiwe dereva mwingine. Nitamwambia daktari habari zako zote, na safari hii sitatia utani hata mmoja. Wewe uliko, simama karibu yetu.

Nikuache upumzike, dada. Ila yale ya juu nilikudanganya. Shingo ya mtoto si safi. Wiki iliyopita nilichukua dodoki nikamsugua mpaka akalia, na weusi haukutoka.

Mdogo wako