Kibao cha Pande Mbili

Jumatatu, Machi 4, 1619

Nina miaka sabini na minane. Nimezika wake wawili. Mzingiro wa Wahispania hapa Haarlem nimeupita, tulipotafuna ngozi za viatu. Tauni nayo nimeipita. Mchonga vibao vya kuchapia picha kama mimi, Joost, Uholanzi nzima hayupo. Herufi nazijua kinyume, zinavyokaa kwenye kibao. Hizi za kuandika ndizo zinazonitoa jasho.

Kaja Neel, mshona shuka. Wazee wa kanisa lake – wale wanaobatizwa wakiwa watu wazima, upanga hawashiki – wanachapa kitabu cha ndugu zao waliouawa zamani na watawala Wakatoliki kwa imani. Mama yake Neel, Lijsbet, hawamtaki humo. Eti mtawa alipomuuliza kama anatubu, alitikisa kichwa kukubali.

Upuuzi. Nilikuwepo. Ulimi walimfunga kwa skrubu ya chuma asihubiri. Kichwa aligeuza kumtafuta mtoto. Neel alikuwa begani kwa shangazi yake. Tena anayetubu hunyongwa kwanza kwa kamba, moto ukute maiti. Lijsbet aliungua hai. Sijaona mwanamume aliyesimama vile.

Jumanne, Machi 5

Nimewaeleza wazee. Mzee Dirk kasema mimi si wa kwao, halafu najisifu mno.

“Wewe Joost utatuambia hata safina ulimsaidia Nuhu.”

“Isingevuja,” nikamwambia.

Wamecheka, lakini wanataka shahidi wa pili. Aliyebaki hai ni Wouter tu. Mkatoliki! Siku ile alikuwa askari wa mji, karibu na kuni. Hatujasalimiana tangu waasi wa upande wetu, Waprotestanti, wamnyonge ndugu yake, mtawa Hubert.

Alhamisi, Machi 7

Nimekwenda. Kakaa na samaki wake wa chumvi.

“Umekuja kufia kwangu? Kafie kwako.”

Nikamuuliza habari ya kamba ya siku ile. Katafuna kwanza. Kisha kasema mnyongaji alimpa yeye aishike. Hakuja kuichukua tena.

“Kawaambie hivyo wazee,” nikamwambia.

“Mchonge Hubert kwanza.”

Wakatoliki wenzake wanasali kwa siri darini, hawana picha yake. Anataka malaika juu, na taji. Nikamuuliza kama huyo malaika yeye alimwona.

“Ulikuwepo?” kaniuliza. “Mimi nilikuwepo.”

Hapo kanikamata. Kanisimulia. Hubert aliwaomba wamtangulize yeye, ili yule mtawa kijana aone kwamba inawezekana. Akamshukuru aliyeshika ngazi. Miaka yote hii nilidhani kufa vizuri ni kwa watu wa upande wetu na majirani zao.

Jumamosi, Machi 9

Mti wa peasi mzuri nimebakiwa na kipande kimoja. Basi nachonga pande zote mbili, kama tufanyavyo mti ukiadimika. Mbele Lijsbet: mdomo umefungwa, kichwa kimegeukia umati. Malaika hakuna, watu wake hawawataki. Wanataka mtu, kuni, na maneno yake chini. Nyuma Hubert, na malaika wake na taji lake. Wakatoliki wanataka mbingu ionekane imefunguka. Kila mmoja nimemchonga wanavyotaka watu wake. Kazi safi, nasema mwenyewe.

Macho ya wote wawili yametoka sawasawa. Sikukusudia. Sirekebishi.

Neel kaja kuona. Kaweka kidole shavuni kwa mama yake, kwenye mti. Kasema hakuwa akiukumbuka uso.

Jumatatu, Machi 11

Naandikia kwenye benchi la ukumbi wa wazee. Wametutoa nje washauriane.

Wouter kaja kweli, na fimbo yake. Kawaambia habari ya kamba. Wazee wakaanza kulegea. Ndipo Dirk akakigeuza kibao. Nilisahau kuwaonya! Hapana, sikusahau. Sikutaka tu.

“Huyu nani?”

“Ndugu yangu,” kasema Wouter. “Watu wenu hawakumuua. Lakini kama naye hamumwamini, na mimi msiniamini.”

Dirk hakukiweka mezani. Kakishika vilevile, mara Lijsbet, mara Hubert.

Neel hajakaa tangu tutoke. Wouter kampisha kwenye benchi, kakataa. Sauti za ndani zimepanda, sasa zimeshuka. Kibao wanacho wao.

Niliyoandika ni kweli. Anayebisha amuulize Wouter, yuko hapa kando yangu, anakohoa. Kamba ile aliishika mpaka moto ulipokwisha, na ilikuwa bado imekunjwa.