Aina Mbili za Wivu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, ingawa najua ulipokea nyingine hivi karibuni kupitia kwa kaka, na zile hazikuwa tamu. Natumaini wewe hujambo, shemeji hajambo, na wale watundu wako wawili wanaendelea kuvunja vikombe. Mimi ni mzima, kwa maana kwamba nakula, nalala na kwenda kazini. Zaidi ya hapo usiniulize, maana ukiniuliza nitakujibu, na majibu yangu siku hizi hayana sukari.

Chiriku naye hajambo. Amerefuka mno, sketi ya shule niliyomshonea juzijuzi inamfika juu ya goti, na mwalimu mkuu ameanza kunikunjia uso. Nakueleza haya kwa sababu wewe ndiye uliyemzaa, hata kama mimi ndiye niliyemshika mkono alipoanza kutembea. Ulipomleta alikuwa bado anaota meno, ukasema ni kwa muda tu, mpaka umalize masomo. Masomo yakaisha, kazi ikapatikana, harusi ikafuata, wavulana wakazaliwa, na huo muda nao ukaota ndevu. Leo ana miaka kumi na mitatu, ndipo ukakumbuka kuja kumchukua.

Nilipokataa, kaka alinipigia simu kunijulisha kwamba ukoo mzima umeketi ukaona nina kijicho. Shangazi ndiye aliyelitamka kwanza, akasema mimi sikujaliwa mtoto, ndiyo maana siwezi kukuona wewe na watatu nikatulia. Kaka alinirudia maneno hayo kwa upole, kama mtu anayekupaka dawa ya kidonda huku anakandamiza. Nilikata simu nikaenda kazini, na siku hiyo niliunguza foronya nzuri kwa pasi.

Sasa ngoja nikusimulie. Hoteli yetu imeamua kwamba wote, kuanzia mpishi mpaka bawabu, tujue Kiingereza. Tunafundishwa humuhumu chumba cha kufulia baada ya zamu, tumekalia marobota ya taulo chafu. Mwalimu ni mzee mstaafu tuliyempa jina la Kamusi, kwa sababu ukimuuliza maana moja anakupa sita. Siku ile aliandika ubaoni maneno mawili, envy na jealousy, akatutaka tuseme yanatofautianaje. Mpishi akasema yote ni wivu, tupewe mengine. Bawabu akasema la kwanza ni wivu wa maskini na la pili ni wivu wa mwenye mke mzuri. Tulicheka sana, lakini Kamusi alisema bawabu hayuko mbali.

Alitueleza kwamba envy ni ya mtu mwenye mikono mitupu, anayekitazama cha mwenzake akitamani kingekuwa chake. Jealousy ni ya mtu ambaye tayari anacho, amekishika, na anamwona mwingine ananyemelea kukichukua. Akaongeza kwamba hata wenye lugha yao huyachanganya kila siku, kwa hiyo tusijitie wazimu. Wenzangu wakafunga madaftari. Mimi nilibaki juu ya robota langu, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile niliona kuna mtu amenitetea.

Jioni hiyohiyo nilimpigia kaka. Nilimwambia awaeleze wewe na shangazi kwamba mmenipa neno lisilo langu. Mwenye kijicho anatamani cha mtu. Mimi sikutamani cha mtu, mimi ninaye mtoto, nimekesha naye katika homa zake zote, na ninyi ndio mnaokuja kuninyang'anya. Kaka akasema Kiingereza kimenikolea. Hapo ndipo nilipopanda mori nikamtuma yale mengine yote: kwamba wewe ni mwizi, kwamba ulimtupa akiwa mchanga na sasa unamtaka kwa kuwa amefikia umri wa kukusaidia jikoni. Najua yalikufikia, kaka hapunguzi kitu. Wewe ukanyamaza. Nilidhani umekosa la kujibu, nikafurahi.

Jumapili iliyopita tulikuwa uani, mimi na Chiriku, tunakunja shuka. Sisi tunaofua kwa kazi hatukunji shuka peke yetu. Mmoja anashika ncha za huku, mwingine za kule, mnaivuta mpaka inyooke, kisha mmoja anamfuata mwenzake amkabidhi ncha zake. Nimemzoesha hivyo tangu akiwa mdogo wa kusimama juu ya kigoda. Basi tulikuwa tumeivuta vizuri, nami nikaanza kukusema, kama ilivyo kawaida yangu siku hizi. Sikufika mbali. Aliziachia ncha zake, shuka ikaanguka vumbini.

Aliniambia nisikuseme tena, maana si wewe uliyeanza. Ni yeye. Likizo ile alipokuja kuwatembelea, yeye ndiye aliyekuomba umchukue, akakusihi nisijue kwamba wazo ni lake, kwa kuwa lingeniua. Wewe ukakubali kulibeba.

Nilimuuliza nimemkosea nini. Alilia kwanza, kisha akasema sijamkosea kitu. Alisema amechoka kuwa ndiye mtu pekee niliye naye. Akichelewa kidogo kutoka shule ananikuta nimesimama mlangoni. Akikohoa naacha kula. Akicheka peke yake nataka kujua anacheka nini. Kwenu, alisema, wavulana wanapiga kelele na hakuna anayejali nani ameingia na nani ametoka, na huko ndiko anakopumua. Akasema ananipenda sana, Mama, ila namchosha. Niliokota shuka nikairudisha kwenye beseni.

Mdogo wangu, nimekukasirikia zaidi baada ya kujua kuliko kabla. Mwizi ningemweza. Ningesimama mlangoni na ufagio, majirani wakajaa, nikalia mpaka sauti ikauke, na kila mtu angejua aliyeonewa ni nani. Wewe umekaa kimya ukatukanwa ili mimi nibaki na mtu wa kumlaumu. Nani alikutuma unihurumie? Nimekuwa nikipigana na wewe, kumbe mwenzangu ulikwisha kuweka silaha chini zamani, unanitazama tu. Sikuombi radhi katika barua hii. Najua unastahili, lakini moyo haujafika huko, na sipendi kuandika uongo.

Siku ya darasa iliyofuata nilimuuliza Kamusi, je, mtu ambaye hakunyang'anywa, bali alichokishika kimeondoka chenyewe, Waingereza wanamwitaje. Alivua miwani, akanitazama, akasema hilo halimo katika somo la leo.

Njoo Jumamosi kama ulivyopanga, na uje mwenyewe, usimtume shemeji. Nguo za Chiriku nimezipiga pasi zote. Usimpe maziwa ya baridi, kifua chake hakiyapendi. Asubuhi usimwite kwa jina, mguse mguu tu, ataamka bila kununa. Akiwa na huzuni haongei, anapanga vitu, basi ukiona kabati limepangwa vizuri kupita kiasi mkalie karibu, lakini usimuulize kitu. Hilo la mwisho mimi nilishindwa.

Hamtanikuta. Nimeomba zamu ya asubuhi, nimeshaagana na Chiriku, na ufunguo mtamwachia jirani. Sitaki kusimama mlangoni.

Msalimie shemeji, na watundu uwabusu kwa niaba yangu. Shangazi mwambie neno lake nimelichukua, aongeze na jingine akitaka, sina tena cha kushindania.

Ni mimi dada yako,

Mama Mkubwa wa Chiriku