Gundi ya Mjomba Faraj

Kibokoni, Mombasa
Jumapili, 14 Julai 1996

Kwa mamangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Maskati, wewe na kaka na watoto wake, na lile goti liwe limepoa. Sisi hatujambo. Mkweo Ayman anakuamkia, na chai bado anaipika kwa tangawizi nyingi kama ulivyomzoesha.

Najua Mjomba Faraj amekupigia simu. Najua na alilokwambia, maana amewaambia wengi: kwamba mimi, mtoto wa dada yake, nimesimama mbele ya watu nikamvunjia heshima. Kusimama nimesimama kweli. Lakini nakuomba unisikize na mimi kabla hujakasirika, na kama umeshakasirika, basi usome polepole.

Unajua sisi wacheza mpira wa meza hubandika raba za raketi upya kabla ya mechi, kwa gundi inayofanya mpira uondoke kwa kasi. Gundi ile huuzwa dukani kwa Mjomba peke yake. Mwenyekiti wa chama chetu ni Mjomba, na anayekagua vifaa siku ya mashindano ni Mjomba huyohuyo. Aliyekuja na raba ya kwingine aliambiwa haina kiwango, akaenda dukani kununua nyingine. Miaka yote tulicheka tu, tukanunua.

Mwezi wa tano kulikuwa na mashindano ya pwani, na refa, Bwana Oloo, alitoka Kisumu. Sisi tulikuwa chumba cha nyuma ya ukumbi, madirisha yamefungwa upepo usipeperushe mipira, sote tunapaka gundi. Kadzo, msichana wa mtaa wa Buxton anayetushinda sote, aliinuka kwenda mezani, akayumba, akaanguka. Tulidhani ni njaa. Bwana Oloo aliingia, akanusa raketi ya Kadzo, akatutoa sote nje. Alisema mvuke wa gundi ya namna ile unadhuru, na kwamba mashindano ya nje yalikwisha kuipiga marufuku. Akamuuliza Mjomba kama chama hakikuarifiwa. Mjomba akajibu, kwa sauti ya chini kabisa, “Nilikuwa nangoja makopo yaliyobaki yaishe.”

Mama, neno hilo ndilo lililoniuma. Kumbe alijua.

Kadzo alipata nafuu jioni ileile. Baadaye nilimwendea Mjomba nyumbani kwake, kwa adabu, nikamwomba ayaondoe makopo mwenyewe, jambo liishe baina yetu. Alinikaribisha halua, akabadilisha mazungumzo. Nilipomrudia, aliniambia sisi wanawake tunacheza ukumbini kwa hisani yake. Ndipo kwenye mkutano mkuu nikasimama. Nilisema anayeuza vifaa asiwe ndiye anayevikagua, na gundi ile isiingie tena ukumbini. Jina lake sikulitaja. Mikono ikainuka, hata ya marafiki zake. Mwalimu Chengo akachaguliwa mkaguzi. Mjomba amebaki na uenyekiti wake, lakini alichukua kofia yake akatoka bila kunitazama, na tangu hapo hajapita kwetu.

Watu wananiuliza kwa nini sikuvuta subira kidogo. Sababu aijuaye ni Ayman, na sasa wewe.

Siku aliyoanguka Kadzo, mimi nami nilikuwa chumbani mle, raketi mapajani, navuta harufu ile. Mama, nilikuwa na mimba na sijui. Nilipojua, nilimuuliza daktari juu ya gundi. Alikunja uso, akanikataza kuisogelea tena. Amenipima, anasema mtoto anakwenda vizuri, alhamdulillahi. Lakini hofu haijanitoka. Naweka mkono tumboni, nangoja ajitikise, na najua bado ni mapema.

Mkutanoni sikulisema hili. Sikutaka wamhukumu Mjomba kwa ajili ya tumbo langu, ilhali Kadzo alianguka mbele ya macho yao. Wala Mjomba mwenyewe sijaweza kumwambia. Ni kaka yako, naye hukusikiza wewe. Mpigie, Mama. Mwambie anapata mjukuu. Akiuliza mengine, mweleze yote. Asipouliza, mwambie tu aje, mimi na Ayman tunamngoja.

Wabusu watoto wa kaka, na dua zako usininyime katika miezi hii.

Mwanao akupendaye,
Hind