Kwa Baba, Kuhusu Plaizi ya Lakiri

Baba yangu mpendwa uliyetutangulia,

Hukumwamini mtu. Ulikuwa msoma mita wa Ifakara, ukizunguka mtaa wetu wa Viwanja Sitini kwa baiskeli, na kila mita uliyoikagua uliifunga kwa waya na lakiri ya risasi, ukaibana kwa plaizi yenye alama yako. Mwizi wa umeme akiipata plaizi hiyo, ulituambia, ataiba na kufunga upya, lawama zibaki kwako. Ndiyo maana uliificha ndani ya pipa la mpunga, ukasahau kwamba mchotaji wa mpunga ni mimi.

Mgeni akibisha hodi, ulimtazama viatu kabla ya uso. Hata paka wa jirani akikaa chini ya mita ulimfukuza. "Huyu katumwa," ulisema, nami nikacheka hadi machozi.

Kisha ukaenda Mlimba siku tatu. Siku ya pili, mchana, akaja mwanamume mwenye sare ya kaki na kalamu mbili mfukoni. Akamwamkia bibi kwa Kipogoro, akauliza habari za Mahenge, akautaja ukoo wenu. "Karibu mwanangu, kumbe wa nyumbani!" bibi akasema. Nikamnawisha mikono, akala. Bibi alipoingia jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, baba kanituma nichukue plaizi yake. Kasema wewe unajua ilipo."

Nani anamdai kitambulisho mgeni aliyekwisha kula kwake? Nilimpa. Jioni akairudisha, nikaifukia tena mpungani.

Wiki iliyofuata mita ya mashine ya kukoboa mpunga ilikutwa imechezewa, na lakiri yake ina alama yako. Ukasimamishwa kazi. Ulipotuuliza nani kaigusa plaizi, nilitazama sakafu. "Kikulacho ki nguoni mwako," ukasema, ukimaanisha Ba'mdogo Lukasi, mwenzako wa kazi, mtu pekee wa nje aliyejua maficho yako. Mtaa ukakuamini. Watu wakaacha kukaa naye, na wewe hukuzungumza naye tena mpaka tulipokuzika.

Sasa nami niko ofisi ya umeme, huku mjini, kwenye mita mpya za kuingiza namba. Namba hutolewa na kompyuta, na kompyuta hufunguliwa kwa neno la siri. Juzi mtu alinipigia simu, mpole kabisa, akanisalimu kwa Kipogoro. Akasema bosi kamtuma, nimtajie neno hilo. Angelipata, angejipatia umeme atakavyo, au angezima mtaa mzima, na kila kosa lingeandikwa jina langu. Nikakata simu. Tangu hapo namshuku hata anayenipa pole ya kazi.

Lakini uliyepaswa kumshuku miaka ile ni mimi. Naiandika barua hii wazi ili Viwanja Sitini waisome: Lukasi hakuigusa plaizi. Niliitoa mimi, nikanyamaza kwa kuogopa macho yako. Nisamehe.

Kabla ya kuimalizia, nakala ya kwanza nilimpelekea Lukasi mwenyewe. Aliisoma amesimama mlangoni, wala hakunikaribisha ndani. Aliuliza jambo moja tu:

"Miaka yote hiyo ulijua, na kila asubuhi ukanipa shikamoo?"

Pumzika, Baba.

Ni mimi,
binti yako uliyemwamini