Mtama Mwekundu wa Mbegu

Bunia, Jumanne

Ametumia mbegu yangu yote kupikia pombe! Tulipokimbia vita nilimwachia Anastazi, kaka wa mke wangu, masuke ya mtama mwekundu yakiwa yamening'inia juu ya moshi wa jikoni. Leo tumerudi, nikamuuliza, naye akajibu:

"Muzee, siye tulikuwa na kiu. Na ile mutama iko uchungu, ata ndege hazipendi!"

Uchungu huo ndio ulinzi wake. Ukungu ukishambulia jani, mtama ule hutengeneza dawa nyekundu kuzunguka kidonda, ugonjwa usienee. Mtama mweupe wa msaada, waliogawiwa majirani msimu uliopita, uliozea shambani.

Anastazi aliyajua hayo. Nilimwonyesha mwenyewe, jani mkononi.

Mvua imeanza, nami sina cha kupanda. Nimemwambia mke wangu asimnyime kaka yake chakula. Ila mimi sitaketi naye.